Msako wa Sarafu za Kale: Furaha Iliyo Njiani

Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni zilizojengwa na kizazi cha uhuru, hakukosekani mkebe wa zamani uliosahauliwa juu ya kabati. Ndani yake mna vifungo, funguo zilizopoteza kufuli zake, sindano yenye kutu na sarafu chache ambazo leo hazinunui hata pipi. Somo hili linaanzia kwenye mkebe huo.

Mchukulie, kwa ajili ya mfano, mstaafu mmoja wa Tandika. Si mtu halisi. Ni mfano wa kufundishia, naye ataitwa hapa Mzee wa Tandika. Ana umri wa miaka 66, ni mgane, shinikizo lake la damu linadhibitiwa kwa vidonge, na tangu aache kazi siku zake zimekuwa ndefu. Asubuhi moja anamimina mkebe wa marehemu mkewe juu ya mkeka, akaona kipande cha shaba chenye tundu katikati. Anakipangusa kwa kidole. Kuna taji, kuna mwaka 1936, kuna maneno ya Kilatini. Mjukuu wake anauliza, "Babu, hii ni hela?" Naye anajibu, "Ilikuwa hela, mjukuu wangu." Kisha anafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miezi mingi: anatafuta miwani yake, anavaa viatu, anatoka nje kwenda kuulizia nyingine.

Swali la somo hili ni hili: ni nini kilichotokea ndani ya mzee huyu kati ya kuliona lile tundu na kuvaa viatu? Kwa nini kitu kisichonunua chochote kimwinue mtu ambaye hata chakula kilikuwa hakimvutii? Na kwa nini nguvu hiyohiyo, ikikosa mipaka, humfikisha mtu mwingine mahali pa kupoteza kiinua mgongo chake chote?

Kinachosakwa

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kusaka sarafu kwa sababu, katika muda usiofika miaka 90, mifumo kadhaa ya fedha ilipita mikononi mwa wakazi wa pwani hii. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu hizo. Neno "pesa" lina asili yake katika paisa ya India. Anayesema "sina hela" anaitaja, pengine bila kujua, sarafu ya Kijerumani iliyoitwa heller. Wazee bado wanakumbuka ndururu, yaani senti tano, na sumni, yaani senti hamsini. Hata daladala inaelezwa kuwa imepata jina lake kutokana na "dala", sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli ya wakati huo.

Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaanza kutoa pesa zake zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm II. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa katika heller 100. Vita vilipowazuia Wajerumani kuleta sarafu kutoka kwao, walizitengeneza Tabora mwaka 1916: hela za shaba zilizofanywa kwa haraka, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotolewa takriban vipande 16,000 tu.

Baada ya vita, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta florini kwa muda mfupi, kisha shilingi mwaka 1921. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu za mwaka huo zilibeba sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili senti tano ilikuwa na samaki aina ya sulisuli, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi mkono ulioshika mwenge.

Sasa turudi kwenye kipande cha Mzee wa Tandika. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na wafalme watatu. George V alifariki Januari. Edward VIII akashika nafasi yake, lakini akajiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Ndipo akaingia George VI. Nchini Uingereza kwenyewe, sarafu zenye sura ya Edward VIII hazikupata kutolewa kwa wananchi. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Hazikuhitaji sura ya mfalme, bali jina na taji tu. Kwa hiyo zipo sarafu za 1936 zenye maneno GEORGIVS V, na zipo za mwaka huohuo zenye maneno EDWARDVS VIII. Zilitengenezwa kwa wingi, hivyo si ghali. Mzee wa Tandika anasoma yake kwa lenzi ya kukuzia na kukuta jina la George. Kuanzia dakika hiyo anajua kwamba pacha wake yuko mahali fulani, katika mkebe wa mtu mwingine. Hapo ndipo msako unapozaliwa: mtu anapojua kwamba kitu kipo, kwamba kinapatikana, lakini hajui kiko wapi.

Ubongo wa mtafutaji

Wahenga walisema: mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Methali hii husomwa kama himizo la bidii. Ikisomwa kwa makini, inaeleza pia jambo la kifiziolojia: nguvu ya kutafuta hudumu wakati wa kutafuta, na hupungua mara tu kitu kinapopatikana.

Mwaka 1954 watafiti James Olds na Peter Milner, wakiwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, waligundua kwamba panya aliyewekewa waya mwembamba katika sehemu fulani za ubongo aliweza kubonyeza kitufe tena na tena ili asisimuliwe na umeme hafifu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba pale pamepatikana makao ya raha. Baadaye uangalifu ulielekezwa kwenye kemikali iitwayo dopamini, inayotolewa na kundi dogo la seli za neva zilizo katika ubongo wa kati.

Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake walichunguza seli hizo kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli zilichangamka tone lilipofika mdomoni. Nyani alipojifunza kwamba ishara fulani hutangulia tone, seli zikahama wakati wake: zikachangamka ishara ilipoonekana, na tone lenyewe, likifika kama lilivyotarajiwa, halikuzishtua tena. Tone lisipofika, shughuli ya seli ilishuka chini ya kawaida. Seli hizi, basi, hazipimi raha peke yake. Zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea.

Mwaka 2003 kundi hilohilo lilichapisha matokeo mengine yanayogusa somo letu moja kwa moja. Ishara ilipomaanisha kwamba tone litakuja kwa hakika, au kwamba halitakuja kabisa, kipindi cha kusubiri kilikuwa kimya. Ishara ilipomaanisha kwamba huenda likaja na huenda lisije, kwa nafasi ya nusu kwa nusu, shughuli ya seli ilipanda polepole wakati wote wa kusubiri. Hali ya "labda" ndiyo iliyoziamsha zaidi.

Mtazame sasa Mzee wa Tandika mbele ya muuza vitu vya kale. Juu ya meza kuna bakuli la sarafu mchanganyiko. Kama angejua kwamba pacha anayemtafuta yumo, angelipa na kuondoka. Kama angejua hayumo, asingesimama. Anasimama kwa sababu hajui. Kila sarafu anayoigeuza ni ishara; kila tundu linaloonekana ni "labda" mpya. Moyo unakwenda mbio kidogo, mboni za macho zinatanuka, kelele za makondakta barabarani zinasogea mbali. Anapoikosa sarafu hiyo, anakwenda bakuli la pili.

Kutaka na kupenda

Mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya: kutaka na kupenda. Panya waliopungukiwa sana na dopamini waliacha kukitafuta chakula, hata wakaweza kufa njaa karibu nacho; lakini kitamu kilipowekwa ulimini, nyuso zao zilionyesha dalili zilezile za kukifurahia. Kupenda kulibaki, kutaka ndiko kulikopotea.

Utengano huu unaeleza jambo ambalo kila mkusanyaji hulijua na wachache hulikiri. Sarafu iliyotafutwa miezi sita hupatikana, husafishwa vumbi, huwekwa mahali pake, na ikifika jioni macho yamekwisha kwenda kwenye nafasi tupu inayofuata. Hii si tamaa mbaya wala utovu wa shukrani. Ni mashine ya kutaka inayoendelea na kazi yake baada ya mashine ya kupenda kushiba.

Kinyume chake pia ni kweli: kupata bila kutaka hakumwinui mtu. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Aliziweka kwenye kopo, na ilipofika 1979 ndipo alipozipeleka zichunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zilizofika maelfu ya kilomita kutoka pwani ya Tanzania kwa njia ambayo hadi leo inajadiliwa. Zilikaa koponi miaka 35 kwa sababu aliyeziokota hakuwa akizisaka.

Msako unapofaa kwa afya

Mtu anayestaafu hupoteza vitu vingi kwa siku moja: ratiba, safari ya asubuhi, watu wa kuamkiana nao, na sababu ya kuoga mapema. Upweke na kukosa shughuli huambatana na huzuni ya muda mrefu, na huzuni hiyo kwa wazee mara nyingi haisemwi kwa jina lake. Husemwa kama maumivu ya mgongo, kukosa usingizi, au chakula kisichopita.

Njia mojawapo ya kutibu sonona bila dawa ni kumrudisha mgonjwa, hatua kwa hatua, katika shughuli zenye maana kwake, bila kungoja kwanza hamu irudi. Hamu hufuata tendo. Msako wa sarafu una sifa kadhaa za shughuli ya namna hiyo. Una lengo dogo linaloeleweka. Unamtoa mtu nyumbani. Unamlazimisha kuzungumza na watu asiowajua, tangu fundi cherehani mpaka muuza vyuma chakavu. Unamfanya asome, alinganishe tarehe na akumbuke. Na ikiwa anakwenda kwa miguu, unachangia dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, wazee wakiwamo, kuzifikisha.

Isidhaniwe kwamba sarafu ni tiba. Mzee wa Tandika bado anahitaji vidonge vyake vya shinikizo la damu, na kama huzuni yake ni nzito anahitaji kuonana na daktari. Lakini daktari mwenye busara, akimwuliza mgonjwa "siku hizi unafanya nini?" na kusikia habari ya pacha wa 1936, atatambua kwamba amesikia habari njema.

Msako unapomgeuka mtafutaji

Mfano wa pili, nao pia wa kufundishia, ni jirani wa kubuni anayeishi Mbagala. Amesikia uvumi ulioenea katika mikoa mingi ya nchi yetu: kwamba Wajerumani walifukia mali walipokimbia, na kwamba zipo rupia za ajabu zinazonunuliwa kwa mamilioni na matajiri wa nje. Mtu mmoja anamjia akiwa na sarafu iliyofungwa katika kitambaa cheusi. Haiuzi moja kwa moja. Anasema mnunuzi yuko njiani, ila zinatakiwa kwanza fedha za kipimo. Zikilipwa, kipimo kinaonyesha kwamba sarafu "imekaribia kabisa", imepungua kidogo tu; inatakiwa nyingine ya kuikamilisha. Baada ya miezi minne kiinua mgongo kimekwisha, na jirani bado anasema, "Safari hii tulikuwa tumefika."

Tapeli wa namna hii anauza hali ya kukaribia. Sayansi inaeleza kwa nini bidhaa hiyo ina nguvu. Utafiti wa Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba katika mchezo wa bahati nasibu, kukosa kwa chupuchupu huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazohusika na kushinda, na huongeza hamu ya kucheza tena, ingawa mchezaji mwenyewe husema hakufurahia. Kijana anayetazama mkeka wake wa kubeti ukichanwa na timu moja tu anaifahamu hali hiyo. Wote wawili wamekosa. Ubongo wao umeandika "nusura".

Tofauti kati ya wazee hawa wawili haimo katika akili wala elimu, maana hata wasomi hutapeliwa. Imo katika kile kinachosakwa. Wa Tandika anasaka sarafu, naye akiikosa amepoteza nauli. Wa Mbagala anasaka utajiri kwa kutumia sarafu, na kila akikosa lazima aweke zaidi ili alichokwisha kupoteza kisiwe cha bure. Familia inapaswa kuingilia kati mapema, kwa upole na bila kejeli, kwa sababu aibu humfanya mtu afiche, na aliyejificha hutapeliwa zaidi.

Zipo pia hali mbili za kitabibu zinazohitaji kutofautishwa na ukusanyaji wa kawaida. Ya kwanza ni ugonjwa wa kulimbikiza vitu, uliotambuliwa kuwa ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, na ambao sasa umo pia katika orodha ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani. Mkusanyaji huchagua, hupanga na huonyesha. Mwenye ugonjwa huu hushindwa kuachana na vitu bila kujali thamani yake, mpaka vyumba vinashindwa kutumika kwa kazi yake. Ya pili huwapata baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa zinazoiga kazi ya dopamini, hasa wenye ugonjwa wa Parkinson. Baadhi yao huanza ghafla kucheza kamari, kununua vitu ovyo au kukusanya bila kiasi. Ndugu akiona mabadiliko hayo baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa, amwambie daktari haraka. Dawa isikatishwe nyumbani bila ushauri, maana kuikatisha ghafla kuna hatari zake.

Tahadhari za mikono, watoto na udongo

Sarafu ya kale haihitaji kung'arishwa. Maji ya betri, asidi na dawa kali za kusafishia huunguza ngozi na macho, na mvuke wake hudhuru mapafu. Tena huondoa rangi ya asili ambayo wajuzi huithamini, hivyo anayeng'arisha hupoteza mara mbili. Maji safi na kitambaa laini vinatosha, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.

Watoto wadogo humeza sarafu. Nyingi hupita tumboni na kutoka zenyewe, lakini nyingine hukwama kwenye umio. Mtoto anayetokwa na udenda, anayekataa kumeza, anayelalamika maumivu ya kifua au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Asitapishwe wala asilishwe matonge ya ugali ili "kuisukuma". Hatari kubwa zaidi ni betri ndogo ya duara, kama za saa na za rimoti, ambayo kwa macho hufanana na sarafu. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Kwa hiyo mtoto anayedhaniwa kumeza kitu cha duara, hata akionekana mzima, apelekwe apigwe picha ya eksirei bila kungoja. Mkebe wa babu ukae juu, na ufungwe.

Anayechimba ardhi hukutana na kutu, vipande vya chupa na vijidudu vya pepopunda vinavyoishi udongoni. Chanjo ya pepopunda iwe hai, na jeraha lolote lenye udongo lioshwe na kuonyeshwa kituo cha afya. Mashimo marefu yasiyoegemezwa hubomoka na kufukia watu. Hakuna rupia inayostahili pumzi ya mtu.

Kuna pia mpaka wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za Kilwa zimo humo. Magofu kama yale ya Kunduchi si mahali pa kuchimbua bila kibali. Sababu yake ni ya kielimu: sarafu iliyong'olewa mahali pake hupoteza ushahidi wake. Wanaakiolojia walipoikuta hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, yenye sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari kadhaa za dhahabu, walijifunza mengi kwa sababu zilikuwa bado zimelala pamoja.

Mwisho, tarehe isimdanganye mtu. Riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyozunguka sana katika pwani hii, ina mwaka 1780 juu yake, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20. Anayeuziwa "sarafu ya miaka mia mbili" aulize kwanza.

Hitimisho

Tuseme kwamba mwezi wa saba wa msako wake, Mzee wa Tandika anamkuta pacha. Hayuko kwa muuza vitu vya kale. Yuko katika kopo la vifungo la fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, ambaye anamwambia, "Chukua tu baba, mimi inanijazia kopo." Anasoma kwa lenzi: EDWARDVS VIII. Siku nzima anacheka peke yake. Jioni, sarafu mbili zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu, anahisi utupu mdogo ambao sasa msomaji anaujua: keshapata, basi anachoka.

Asishangae, wala asikimbilie kununua. Anachohitaji ni lengo jipya lenye ukubwa uleule wa mfukoni mwake. Anamwita mjukuu na kumpa kazi: amtafutie senti tano yenye sulisuli, ya mwaka 1966. Mtoto anauliza iko wapi. "Ningejua," anasema mzee, "ningekutuma?"

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini bakuli la sarafu zisizojulikana humsisimua mtafutaji kuliko sarafu aliyohakikishiwa?

2. Eleza tofauti kati ya kutaka na kupenda, kwa mfano kutoka katika maisha yako mwenyewe.

3. Ndugu yako ameambiwa alipie "kipimo" cha sarafu. Utamwambia nini bila kumwaibisha?

4. Mtoto wa miaka miwili amemeza kitu cha duara, na anacheza kama kawaida. Utafanya nini, na kwa nini usingoje?